Mrejesho: majibu ya kipimo cha puani cha mama

Asanteni ndugu mlionijibu. Niliuliza kwa nini hospitali hapa Bukavu ilimchukua mama kipimo cha pamba puani kabla ya upasuaji wa nyonga, na hana hata mafua.

Majibu yametoka: ana stafilokoka sugu kwa methisilini, yaani bakteria ambao antibiotiki nyingi za kawaida haziwaui. Haumwi. Bakteria wamekaa tu puani, ila mwili ukipasuliwa wanaweza kuingia kwenye kidonda, na hapo dawa nyingi zinashindwa. Amepewa marhamu ya mupirosini ya kupaka ndani ya pua kwa siku 5, na anaoga kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, nywele pia. Dada yangu wa Kadutu alitaka kumnunulia amoksisilini. Nimemkatalia kabisa, hao haiwaui. Wajukuu wanaruhusiwa kumkumbatia, wanawe mikono tu.