Mjadala: Je, dhambi iwe kosa mbele ya sheria?

Mleta mada
Nasema Mkristo anayeijua imani yake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kupinga dola kuadhibu dhambi. Sizungumzii wizi wala mauaji, bali yale ambayo mtu anajiumiza mwenyewe au anamkosea Mungu tu. Katika 1 Wakorintho 5:12-13 Paulo anasema si kazi yake kuwahukumu walio nje. Kwa walio ndani utaratibu upo, Mathayo 18:15-17: mwonye mkiwa wawili peke yenu, asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili, asiposikia tena, liambie kanisa, akikaidi, ahesabiwe kuwa mtu wa nje. Adhabu ya juu kabisa ni kutengwa. Faini haimo, jela haimo. Na mara nyingi utaratibu huu unaharibika mwanzoni kabisa: watu wanaruka hatua ya kwanza na kumtangaza mwenzao madhabahuni.

Shemasi
Ndugu, hapo kwenye "anajiumiza mwenyewe" ndipo unapoteleza. 1 Wakorintho 6:19-20 inasema sisi si mali yetu wenyewe. Tena dhambi isiyomgusa mwingine ni nadra mno. Mlevi ana mke na watoto. Wakristo waliolisukuma Bunge la Uingereza hadi likapiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807 waliingiza maadili yao kwenye sheria. Kwa kanuni yako wangeishia kuhubiri tu.

Mleta mada
Mfano huo uko upande wangu. Mtumwa ni mtu wa pili, kanyang'anywa uhuru wake. Sheria ile ilimlinda yeye. Haikujaribu kumtakasa mwenye meli. Mlevi naye akipiga au akitelekeza watoto, ashtakiwe kwa hayo.

Msoma historia
Msijisifu mapema. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwamba dini hailazimishwi, lakini wakati huo Wakristo walikuwa wanateswa. Walipopata dola mambo yalibadilika. Mwaka 385 Priscillian, askofu wa Hispania, aliuawa huko Trier, mji ulio Ujerumani ya leo, baada ya maaskofu wenzake kumshtaki. Shtaka rasmi lilikuwa uchawi. Askofu Martin wa Tours alisihi damu isimwagwe, hakusikilizwa. Mwaka 1553 mwanatheolojia Servetus alichomwa moto Geneva kwa mafundisho yake. Papa Gregory XVI alilaani uhuru wa dhamiri mwaka 1832, na Kanisa Katoliki likaja kutangaza rasmi haki ya uhuru wa dini mwaka 1965. Hoja ya uhuru ilikuwepo ndani ya Ukristo muda wote, ila wenye mamlaka waliikumbuka walipokuwa wachache.

Wakili
Mnabishania mifano rahisi. Chukueni Jumapili. Mwaka 321 Constantine, kaisari wa Roma, aliamuru siku hiyo mahakimu na watu wa mijini wapumzike, wakulima akawaruhusu kulima kwa kuwa msimu haungoji. Je, huko ni kulazimisha ibada au kumlinda mfanyakazi? Mwaka 1961, katika shauri la McGowan dhidi ya Maryland, Mahakama ya Juu ya Marekani iliziacha sheria za Jumapili kwa sababu lengo lake lilikwisha kuwa mapumziko ya wote. Kanada, mwaka 1985, katika shauri la Big M Drug Mart, mahakama ya juu iliifuta Sheria ya Siku ya Bwana kwa sababu lengo lake tangu mwanzo lilikuwa la kidini.

Kwa hiyo anza na lengo. Kisha uliza sheria isipokuwepo ataumia nani, umtaje. Tafuta njia nyepesi zaidi, kwa mfano siku moja ya mapumziko kila juma, mfanyakazi aichague mwenyewe. Mwisho igeuze: ungeikubali kama siku hiyo ni Ijumaa? Washika Sabato ndio hubanwa zaidi, maana hufunga biashara Jumamosi kwa imani na Jumapili kwa amri, washindani wao wakipoteza siku moja tu.

Shemasi
Kuigeuza nakubali. Hilo la kumtaja anayeumia sikubali. Kamari inakula familia polepole, na hakuna siku moja utakayoionyesha mahakamani.

Mleta mada
Basi mbane mwenye biashara ya kamari: umri wa wachezaji, ukomo wa dau, marufuku ya kucheza kwa mkopo. Mchezaji usimfunge. Ukimfunga, familia unayoitetea inapoteza na mshahara uliobaki.