Mfumo unakata majina ya Kiamhara katikati ya herufi, halafu tunaambiwa "badilisheni fonti"!

Wakuu, mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa kibodi za simu. Hili ni jingine kabisa na limenifika kooni.

Nipo Addis Ababa, ofisi yetu inasajili wateja kwa Kiamhara. Mfumo tumeununua kwa hela ndefu kutoka kampuni ya huko huko kwetu, sitaitaja. Mteja akiitwa ገብረእግዚአብሔር, risiti inatoka ገብረእግዚ� na ile alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Ukiwapigia: "Hiyo ni fonti, bosi."

Fonti gani jamani! Sehemu ya jina wameiwekea baiti 20 (baiti ndiyo kipimo cha nafasi kwenye kompyuta). Ukiandika Gebregziabher kwa Kilatini ni baiti 13, inaingia na nafasi inabaki. Kwa Fidel, yaani maandishi ya Kiamhara, silabi moja ni baiti 3 kwenye UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi kwa baiti, na jina hilo lina silabi 10. Silabi 6 zikishakula baiti 18 zinabaki 2, basi mfumo unazijaza na E1 8A, baiti mbili za mwanzo za አ, na baiti A0 ya kumalizia inatupwa. Herufi yenyewe imechanwa! Mteja anaangalia risiti, ananiangalia mimi.

Na wasisingizie ugeni wa maandishi haya. Unicode, ile orodha ya dunia ya namba za herufi, toleo la 3.0 la mwaka 1999 iliipa kila silabi namba yake kuanzia U+1200, konsonanti na irabu yake zikiwa kitu kimoja, huhitaji kuunganisha chochote. Mwaka 2005 wakaongeza, 2010 wakaongeza, 2021 zikaja herufi za Kigurage, lugha za Wagurage wa hapa Ethiopia, kuanzia U+1E7E0. Hizo za mwisho zinakula baiti 4, na kuna kanzidata maarufu ambayo "utf8" yake ya kale inaishia baiti 3. Mfumo wetu ulivyo, Mgurage akija na jina lake sijui tutamwambia nini.

Tuje kwenye kutafuta, hapo ndipo napandwa na presha. Jina Tsehay watu wanaliandika ፀሐይ, ጸሐይ, ፀሀይ au ጸሀይ. Kwa Kiamhara yote yanasomeka sawa, lakini ፀ ni U+1340 na ጸ ni U+1338, kwa kompyuta ni vitu viwili visivyojuana. Karani wa asubuhi kasajili kwa moja, wa jioni anatafuta kwa nyingine, hapati, anafungua faili jipya. Mtu mmoja ana mafaili mawili, na deni liko kwenye lile lisiloonekana. Msije mkasema Unicode ingeziunganisha: Kigiizi, lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, kinazitenganisha, na kwa Kitigrinya ሀ na ሐ ni sauti mbili tofauti kabisa. Kuzilinganisha wakati wa kutafuta, kwa Kiamhara tu, ni kazi ya aliyeandika programu, na jedwali lake halijazi hata ukurasa mmoja.

Ujumbe wa simu ndiyo usiseme. Ukiweka silabi moja tu ya Fidel, kikomo kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, ukizidisha unalipia wa pili. Hilo ni la mitandao ya simu, ila muuzaji angetuambia kabla hatujasaini.

Niseme ukweli hata kama utawauma wenzangu. Sisi Waswahili tumezoea herufi moja baiti moja. Programu ikikubali Juma na Asha tunaona imeiva, tunaipeleka Ethiopia kuuza. Hakuna aliyejaribu hata ሰላም (selam). Angejaribu, angekutana mapema na hizi ሰ zinazojaa kwenye ripoti zetu za mwisho wa mwezi, maana ndivyo ሰ inavyogeuka programu ikiisoma UTF-8 kama maandishi ya Ulaya Magharibi.

Kwa hiyo naomba: aliyewahi kuhamisha kanzidata yenye Fidel iliyokwisha kukatwa hivi, anieleze alianzia wapi, maana yale majina yaliyokatwa naona itabidi tuwaite wateja upya. Na wale wa "si muandike tu kwa Kilatini", kitambulisho cha mteja kimeandikwa kwa Fidel, msinichoshe.