Nihame Houston kwa sababu ya asilimia?

Kutoka: Mama Pacha, Houston

Wapendwa, habari za majukumu. Mume wangu ameshikilia tuhamie Sioux Falls, South Dakota. Ameona mahali kwamba ukosefu wa ajira kule ni karibu asilimia 2, na hapa kwetu ni kama mara mbili ya hapo. Anasema kule kazi ndiyo inamtafuta mtu. Mimi ni msaidizi wa wauguzi, yeye yuko bohari, zamu ya usiku. Watoto wameshazoea shule. Naombeni mawazo kabla sijaanza kubeba maboksi, na safari hii maboksi ya kweli.

Kutoka: Mzee wa Columbus

Mama Pacha, salaam. Namba hizi nazifuatilia kwa sababu ziliwahi kuniponza.

Kwanza jua nani anahesabiwa. Wengi wetu tunadhani ni wale wanaopokea mafao ya kukosa kazi. Sivyo. Kwa takwimu ya nchi nzima, kila mwezi serikali huhoji kaya kama 60,000 kuhusu wiki yenye tarehe 12. Kama wiki hiyo ulifanya kazi ya malipo hata saa moja, wewe una ajira. Kama hukufanya, uko tayari kuanza, na umetafuta kazi kwa vitendo ndani ya wiki 4 zilizopita, basi huna ajira. Aliyechoka kutafuta akaketi hayumo upande wowote. Ametolewa kwenye nguvukazi, yaani walio kazini pamoja na wanaotafuta.

Sasa chukua kalamu. Mji una nguvukazi ya watu 100,000, na 4,000 wanatafuta kazi: asilimia 4. Watu 1,000 kati yao wakikata tamaa, wanabaki 3,000 katika 99,000. Asilimia imeshuka hadi 3 na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa! Ndiyo maana mimi huanza na idadi ya walio kazini, nione kama inapanda, kisha ndiyo natazama asilimia.

Mwaka 2012 nilihama kufuata asilimia ndogo, mji mdogo nisioutaja. Nilikuwa na cheti cha uhasibu. Kazi zilikuwepo kweli, lakini za kiwanda cha nyama, kwenye baridi, kisu mkononi kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Za uhasibu zilikuwa mbili, na zote zina wenyewe. Nikaishia dukani saa 20 kwa wiki huku nikizitaka 40. Kwenye takwimu nilikuwa mtu mwenye ajira kama meneja wa benki! Kipo kipimo kipana zaidi, kinachoitwa U-6, kinachowaingiza waliopewa saa pungufu na baadhi ya waliokata tamaa, ila kwa kawaida utakipata cha nchi na cha majimbo. Cha mji kama Sioux Falls usikitafute.

Tena ukubwa. Nguvukazi ya Houston na viunga vyake inazidi milioni 3. Ya Sioux Falls haifiki laki 2. Kwenye soko dogo ukigombana na mwajiri mmoja, umepoteza sehemu kubwa ya milango.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Shikamoo Mzee. Naongeza la msimu. Jedwali la majiji linalotolewa kila mwezi kwa kawaida halijasawazishwa kwa msimu, yaani panda-shuka za kila mwaka hazijaondolewa, kwa hiyo usilinganishe Januari na Juni. Linganisha Juni na Juni ya mwaka jana. Yuma, Arizona, hulima mboga za majani wakati wa baridi. Kiangazi kikifika wavunaji hawana kazi na asilimia inaruka. Mtu akiangalia mwezi mmoja tu atadhani mji umekufa.

Na "Minneapolis" ya kwenye takwimu siyo jiji peke yake. Ni kaunti nyingi, nyingine ziko Wisconsin. Halafu unahesabiwa unapolala, siyo unapofanyia kazi. Kitongoji kinaweza kuwa na asilimia nzuri kwa sababu wakazi wake wote wana magari ya kuwapeleka mbali. Asiye na gari hiyo asilimia haimhusu.

Kutoka: Aliyekuwa Las Vegas

Ulizeni pia mji unakula kwa mkono gani. Februari 2020 tulikuwa chini ya asilimia 5. Aprili, hoteli na kasino zimefungwa, tukavuka 30. Nchi nzima haikufika 15. Msaidizi wa wauguzi ana afadhali, wagonjwa hawafungwi.

Kutoka: Mzee wa Columbus

Nilisahau la maana. Ofisi ya serikali ya Takwimu za Kazi, ndiyo hiyo inayotoa asilimia hizi, ina jedwali la mishahara kwa kila kazi na kila eneo la jiji: wameajiriwa wangapi, wanalipwa kiasi gani kwa saa. Tafuta msaidizi wa wauguzi, Houston na Sioux Falls, uziweke pamoja na kodi ya nyumba. Usajili wako nao ni wa jimbo, usidhani unavuka mpaka na wewe. Piga simu kabla hujaacha kazi.

Kutoka: Mama Pacha, Houston

Asanteni sana. Jana tumekaa mezani na hayo majedwali hadi saa sita usiku. Ya kwangu nimeyaandika kwenye karatasi. Ya mume wangu, watu wa bohari, yeye mwenyewe aliyasoma mara mbili, akanyamaza, akauliza baridi ya kule Januari inafika ngapi. Jumatatu napigia ofisi ya usajili ya South Dakota. Boksi nimefungua moja tu, nimeweka nguo za watoto zilizowabana.