Tupeane uzoefu: mliorudisha Windows ya zamani kwenye desktop iliyozeeka, ilikuwaje?

Karani wa Mji Kasoro

Wakuu, habari za wakati huu. Nina Dell OptiPlex 780 ya steshenari, Core 2 Duo, ramu GB 2, na hadi diski ileile iliyokuja nayo. Imechapa barua, vyeti na picha za pasipoti miaka yote bila kulalamika. Jamaa aliyenipigia Windows 10 alisema nisibaki nyuma ya wakati. Sasa ukifungua Word, mteja anapata nafasi ya kwenda kununua vocha na kurudi.

Na hiyo Windows 10 yenyewe muda wake umekwisha tangu 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ambazo mashine hii inazisikia redioni tu. Ubavuni bado ina stika ya Windows 7 Professional, nami nafikiria kuirudisha huko.

Video za maelekezo nimeshaziangalia, sizitaki. Nataka waliofanya wenyewe: mlirudi 7 au XP, kilichowasukuma ni nini, palikwama wapi, na mnaitumia mpaka leo? Waliojuta pia karibuni.

Fundi Ghorofa ya Pili

Mkuu, nitakuvunja moyo kidogo halafu nikusaidie. Kwa kazi ninayoifanya, watu wengi wanaosifu kurudi Windows 7 wanasifu kitu kingine. Mashine imefutwa, takataka za miaka zimeondoka, basi lazima iwe nyepesi wiki za mwanzo. Kinachoiua hiyo 780 ni hadi diski ya kuzunguka pamoja na ramu GB 2. Windows 10 haitulii, mara inatafuta apdeti, mara inakagua virusi, mara inapanga orodha ya mafaili, na kila kimojawapo kinaigombania diski hiyohiyo. Weka SSD ya SATA (diski isiyozunguka) hata ndogo, ongeza ramu ya DDR3 ifike GB 4, ndipo uamue window gani upige. Nimewafanyia hivyo wateja waliokuja wakitaka 7, wakaondoka na 10 yao na hawakurudi kulalamika.

Ukisisitiza 7, mashine yako ni katika zile rahisi. Haina USB 3.0, haina UEFI (programu mpya ya kuwashia mashine), kila kitu kinatambulika. Ukipata DVD ya Windows 7 ya Dell yenyewe, inaitambua mazabodi na haiulizi namba ya leseni kabisa.

Kasheshe ni kwa wenye mashine za katikati. Setapu ya 7 haina dreva za USB 3.0, kwa hiyo ukichomeka fleshi kwenye tundu la bluu inakwambia dreva ya kifaa cha CD haipo, na mtu anaanza kutafuta CD ambayo hana. Hamishia tundu jeusi. Kuanzia Intel kizazi cha sita hata hilo jeusi halisaidii, maana zote zinapita njia moja ya USB 3.0: kibodi na maus zinakufa mara setapu inapofunguka. Hapo utamkumbuka yule mzee wa kibodi ya PS/2, ile ya kichwa cha duara cha zambarau. Ndiyo maana sizitupi.

Jambo la mwisho, dreva ya mtandao ipakue mapema uiweke kwenye fleshi. Windows 7 ikishaingia haina dreva ya kadi nyingi za Wi-Fi, na bila mtandao hupati dreva, na bila dreva hupati mtandao.

Mtoto wa Kanda

Nakupinga fundi. Mimi yangu ni 7 juu ya diski ya kuzunguka, ramu GB 2, na inatembea. Si kila mtu ana hela ya SSD.

Fundi Ghorofa ya Pili

Sijasema haitembei. Nimesema nini kinaizuia kukimbia.

Stika na Mabango Rock City

Mimi sikurudi nyuma kwa kupenda. Plota yangu ya kukatia stika ni ya zamani, inaunganishwa kwa waya wa siro, ule wa COM wenye pini tisa, na programu yake haielewi kitu chochote kilichotoka baada ya XP. Kwa hiyo majina yote ya daladala, aya na misemo mnayoiona nyuma ya basi, inakatwa na Windows ya mwaka 2001.

Nilijaribu kwanza kukwepa. Nikachukua laptopu mpya na kile kiwaya cha kugeuza USB kuwa siro. Herufi za mwanzo zinakatwa safi, katikati ya neno plota inasimama, au inaruka mstari mzima. Mteja anaomba "Subira Yavuta Heri", anapata subira tu. Ndipo nikatafuta desktop ya zamani yenye COM halisi nyuma yake.

Sasa XP. Unaweka CD, inapakia mafaili yake ya mwanzo, halafu skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Hiyo maana yake XP haioni diski, kwa sababu bayosi (programu ya mazabodi inayowasha mashine) imewekwa AHCI (namna mpya ya kuzungumza na diski) na XP ilizaliwa kabla ya hayo. Kuna njia mbili. Ya vitabuni ni kubonyeza F6 mwanzoni na kumpa dreva kwa floppy. Ndiyo, floppy, fleshi haitaki. Ya mtaani ni kuingia bayosi, kwenye mipangilio ya SATA, kubadili AHCI kuwa IDE au ATA, basi. Kasi inapungua kidogo lakini plota haijui tofauti.

Ukiweka XP kwenye SSD kuna kitu wengi hawakijui. XP inaanzisha patisheni (chumba cha diski) kwenye sekta ya 63, wakati diski za kisasa zinataka mwanzo unaolingana na vipande vya baiti 4096. Ukiiacha hivyo, kila anapoandika kidogo anagusa vipande viwili. Tumia DVD ya Windows 7 kutengeneza patisheni, itaanzia sekta ya 2048, kisha toa, weka CD ya XP na uichague hiyohiyo bila kuifuta.

Waya wa mtandao sijawahi kuuchomeka na sitauchomeka. XP iliachwa 8 Aprili 2014. Mwaka 2017 kirusi cha WannaCry kilipozagaa Microsoft walitoa kiraka (marekebisho ya usalama) cha dharura hata kwa XP, ila mimi siwezi kuweka riziki yangu mikononi mwa dharura. Kazi nachorea kwenye mashine nyingine, nahifadhi faili la Corel (programu ya kuchorea) kwa toleo la zamani ili programu ya XP ilifungue, nalipeleka kwa fleshi. Hapo ndipo hatari iliyobaki. Fleshi ya mteja haigusi mashine ya XP hata akilia, kwanza inapita kwenye ile nyingine. Na kwenye XP nimezima kabisa ile tabia ya kufungua fleshi yenyewe, kwa gpedit (kihariri cha sera za Windows).

Nilipomaliza kuipanga, plota inakata, fonti zote zipo, nikapiga nakala ya diski nzima kwa Clonezilla nikaiweka kwenye diski ya nje. Diski ikifa leo, narudisha nakala kwenye nyingine na mchana huohuo nakata stika. Hapo siitafuti CD ya XP tena, na kwa kweli ile CD yenyewe imeshachubuka.

Bibi Ramu

Mtangulize hili kabla ya yote: fungua kasha, toa vumbi kwa blawa, chomoa ramu usugue meno yake ya shaba kwa raba ya penseli. Sisi wa pwani chumvi inakula kila kitu. Nimeona watu wanapiga window mara kwa mara, setapu inakufa katikati, wanalaumu DVD, kumbe ramu haikai vizuri.

Saiba ya Mtaa, Nairobi

Sasa wadau. Mimi niko na saiba, mashine zangu ni za ex-UK, zile HP Compaq. Nilirudisha kadhaa Windows 7 na nikajuta nusu.

Spidi ilikuwa sawa kabisa. Shida ilikuja kwa vivinjari. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni 109, ya mwanzo wa 2023, na Firefox imebaki kwa tawi la 115 ESR (toleo la msaada wa muda mrefu). Watu wanakuja saiba kujaza fomu za serikali, kuangalia benki, kutuma maombi ya kazi. Tovuti ikianza kulalamika kwamba kivinjari ni kizee, mteja hajui hiyo ni shida ya Windows. Yeye anajua saiba yako ni mbovu, anavuka barabara.

Halafu kuna swali la uaminifu. Mtu anaandika nenosiri la benki yake kwenye mashine yangu, na hiyo mashine haijapata kiraka cha bure tangu 14 Januari 2020. Sikulala vizuri na hiyo. Kwa hivyo mashine za wateja niliziwekea Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), wanaona kivinjari, wanaona LibreOffice (mbadala wa Word), hakuna anayeuliza. Moja pekee nimeiacha na 7, kwa ajili ya skana ya kitambo ambayo dreva zake ziliishia hapo. Inaskani, inaprinti, haiendi mtandaoni.

Kama prosesa yako ni ya biti 32 pekee, angalia kabla ya kuishusha Mint: Mint ya kawaida iliacha biti 32 tangu toleo la 20. Core 2 Duo iko sawa, ni ya 64.

Mtoto wa Kanda

Mteja wa steshenari akileta kazi iko Gmail unafanyaje, na hiyo mashine ya 7 haiendi mtandaoni?

Saiba ya Mtaa, Nairobi

Anaifungua kwa Mint, na kama lazima itoke kwa printa ya ile nyingine naipeleka na fleshi. Hatua ishirini za miguu.

Mama wa Goma

Salamu toka Goma. Yetu si ya virusi wala dreva, ni ya kibodi. Ordinateri ya ofisi ilitoka Ubelgiji na kibodi yake ya AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa). Kijana aliyekuja kuweka Windows 7 alileta kibodi yake ya QWERTY (mpangilio wa Kiingereza) toka Uganda, akaacha lugha ya kibodi ilivyo, ya Kiingereza, akaweka nenosiri "amani", akaondoka na kibodi yake. Asubuhi sekretari anaandika amani, inakataa. Anaandika polepole, inakataa. Karibu waite mtu afute upya.

Kumbe mashine inasoma mahali pa kidole, si herufi iliyochorwa juu ya kitufe. Ukibonyeza A ya AZERTY yenyewe inaona q, ukibonyeza M inaona nukta-mkato. Tulifungua kwa kubonyeza Q, kisha koma, kisha Q, N, I. Ndani tukabadili kibodi kuwa ya Kifaransa cha Ubelgiji, na nenosiri likaandikwa upya. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa setapu kuna sehemu ya kuchagua kibodi, na kila mtu anaipita kwa haraka.

Mwalimu wa Zamu

Nasoma uzi huu nikiwa na kidonda. Shuleni kwetu desktop ya taaluma ilikuwa na Windows 10, diski imepangwa kwa GPT (mpangilio mpya wa diski). Fundi akaleta DVD ya 7, setapu ikagoma kwamba haiwezi kuwekwa kwenye diski ya GPT. Jamaa hakusita: Shift na F10 kufungua dirisha la amri, diskpart (chombo cha kupanga diski), clean. Matokeo ya wanafunzi yalikuwa kwenye patisheni ya D, na kila mtu alikuwa ameambiwa "D haiguswi". Clean haijui C wala D, inafuta ramani ya diski nzima.

Kilichotuokoa ni kwamba clean ya kawaida inafuta ramani tu, si vyumba vyenyewe. Kijana mwingine aliitoa diski, akaifunga kwenye mashine nyingine, akaendesha TestDisk. Iliipata ile patisheni ya D ikiwa nzima, kwa sababu Windows mpya ilikuwa imeandikwa mwanzo wa diski na D ilikuwa mwishoni. Akayanakili mafaili moja kwa moja kutoka humo bila kuandika chochote juu ya diski. Vilivyokuwa Desktop, yaani ndani ya C, vilikwenda na maji.

Kwa wenye MBR (mpangilio wa zamani wa diski) kama mleta uzi, mambo ni mepesi zaidi. Ukichagua patisheni ya C bila kuifomati, setapu ya 7 inasogeza vitu vya zamani kwenye folda inayoitwa Windows.old, na humo ndani utakuta Users na Desktop yako. Sharti diski iwe na nafasi. Mtu asije akakimbilia Disk Cleanup siku hiyohiyo. Lakini nakili kwanza nje. Mimi sasa nanakili hata nikibadilisha kipanya.

Bibi Ramu

Na betri ya CR2032 pale kwenye mazabodi mbadilishe ukiwa umefungua. Ikiisha, saa inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na kila tovuti inakwambia muunganisho si salama. Watu wanapiga window upya kwa sababu ya kibetri hicho.

Karani wa Mji Kasoro

Nimewaelewa. Naanza na vumbi, betri, SSD na ramu, halafu naipiga 7 kwa ajili ya kuchapa tu, mtandao nitatumia laptopu ya mdogo wangu. Swali moja: printa yangu ni HP LaserJet 1010. Nipige biti 32 au 64? Nasikia kwenye 64 haikubali.

Fundi Ghorofa ya Pili

Biti 32 kwenye ramu GB 4 utaona kama GB 3 na ushee, na kwa Word na picha za pasipoti inatosha. Lakini 64 inawezekana. Chomeka printa ikiwa imewashwa ili Windows itengeneze DOT4_001 (jina la mlango wa printa), kisha ongeza printa kwa mkono, chagua hiyo DOT4_001, na kwenye orodha ya HP chukua dreva ya LaserJet 3055 PCL5 badala ya kutafuta 1010. Chapa ukurasa wa majaribio. Usipoiona DOT4_001 kwenye orodha, chomoa waya, hamishia tundu jingine la USB lililo nyuma, usubiri imalize kutafuta dreva ndipo uangalie tena.