Kuhusu kutafuta kanisa hapa Mombasa kwa sisi tuliotoka Tanga na kwingineko

Ndugu zangu Watanzania mlioko Pwani ya Kenya,

Nawasalimu nyote. Mimi ni kijana wa Korogwe, na huu ni mwezi wa pili tangu nivuke mpaka wa Horohoro kuja kufanya kazi ya jikoni katika hoteli moja ya pwani ya kusini. Nimepanga chumba Likoni. Nimelelewa katika Kanisa Anglikana, na tangu utotoni nilitumika altareni, nikabeba chetezo kwa miaka minne. Jumapili yangu ya kwanza hapa nilikwenda kanisa la Kianglikana lililo karibu nami nikitarajia kukuta nilichokizoea. Hakukuwa na ubani wala aliyepiga ishara ya msalaba, na baada ya nyimbo watu walisimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Wageni tuliposimamishwa, niliulizwa kama nimeokoka, nikashindwa kujibu mbele ya kanisa zima. Sijarudi tena. Naomba kujua wenzangu mnasali wapi, na kama kuna kundi la Watanzania ninaloweza kujiunga nalo. Jumapili mbili kati ya nne huwa niko zamu.

Jibu la kwanza, kutoka Kisauni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa nilipohamia hapa kutoka Muheza mwaka 2013 lilinipata hilo hilo, tena kwa swali lile lile. Mimi sikuulizwa mbele ya watu. Mama mmoja wa makamo alinishika mkono mlangoni baada ya ibada akasema, "Dada, umeokoka lini?" Nikamjibu kwamba nilibatizwa nikiwa mchanga na nikapata kipaimara nikiwa darasa la sita. Akatabasamu, akasema ataniombea. Nilirudi nyumbani na uchungu moyoni, nikijiona nimepimwa na kukutwa nimepungua, na kwa miezi mitatu sikukanyaga kanisani.

Naomba unisikilize kwa makini hapa, kwa sababu kama mtu angenieleza haya mapema ningeokoa miezi ile. Kwetu Tanga injili ililetwa na wamisionari wa Vyuo Vikuu, chama cha Kianglikana cha Uingereza, wale walioitikia wito wa mmisionari na mpelelezi Livingstone wa mwaka 1857, wakajijenga Unguja na kisha Magila, karibu na Muheza. Walishika desturi za Kanisa la kale, na ndiyo maana sisi tunasema misa, tunamwita kiongozi wetu padre, tunaungama kwake, na ubani kwetu ni harufu ya Jumapili. Mombasa ilianza na Krapf, mmisionari Mjerumani, mwaka 1844, chini ya chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana ambao mkazo wao ulikuwa Neno na kugeuka kwa moyo wa mtu mmoja mmoja. Baadaye ukaja Uamsho, ule mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, ukawafundisha watu kusimama na kueleza hadharani jinsi Yesu alivyowatoa gizani. Swali la "umeokoka?" limetoka huko. Mara nyingi anayekuuliza hakuhukumu. Anakufungulia mlango ili umsimulie alichokutendea Mungu, jinsi sisi tunavyomwuliza mgeni habari za nyumbani kabla ya kumkaribisha kiti.

Nilipolielewa hilo nilirudi, na siku ya ushirika wa nyumbani, zamu yangu ilipofika, nilisimama nikaeleza jinsi baba yangu alivyolazwa siku kumi na tisa katika hospitali ya Muheza, na jinsi mama alivyokuwa akisali sala za jioni kando ya kitanda bila kitabu, kwa kuwa alizijua zote kwa moyo. Nilisema kwamba mimi imani yangu niliipokea pale, kwa kumsikia mama. Sikutamka neno "nimeokoka". Nilipokaa, kimya kilidumu kidogo, kisha yule mama aliyeniuliza mlangoni akaanzisha wimbo. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu.

Hata Biblia ilipitia safari hiyo hiyo. Wa Unguja walikuwa na tafsiri yao ya Kiunguja, na wa Mombasa wakatoa Biblia nzima ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, mwaka 1914, kila upande ukiona Kiswahili cha mwenzake kina ladha ya kigeni. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo bila shaka ndiyo uliyofunga begini mwako, ilitengenezwa ili pande zote zisome kitabu kimoja. Unapoifungua katika kanisa la Likoni, sura na mistari ni ile ile uliyoisoma Korogwe.

Jambo jingine linalonigusa sana, na ambalo ningependa ulione kwa macho yako, ni kengele ya Kengeleni, njiani kuelekea Nyali. Pale mwaka 1875 palianzishwa kijiji cha Frere Town kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walikuwamo Wayao, Wamakua na Wanyasa, na wengine walioletwa kutoka India walikokuwa wamelelewa na wamisheni. Hakuna aliyekuwa na shamba la babu yake hapa. Watu hao wasio na kwao ndio waliokuwa miongoni mwa waimbaji, walimu na makasisi wa kwanza wa kanisa hili la Pwani. Kwa hiyo, mtu akikutazama kama mgeni, kumbuka kwamba unaingia katika nyumba iliyojengwa na wageni, nawe una haki ya kukaa ndani yake.

Sasa nikueleze namna ya kuingia. Mwandikie padre wako wa Korogwe akupe barua ya utambulisho, nawe uiambatanishe na nakala za vyeti vya ubatizo na kipaimara. Mpelekee kasisi wa hapa ofisini siku ya kazi, usisubiri Jumapili anapozungukwa na watu. Barua hiyo inafungua mengi: utaandikwa katika daftari la washirika, na siku ukitaka kuoa, matangazo ya ndoa yatasomwa Jumapili tatu hapa na nyumbani bila usumbufu wa kuulizwa wewe ni nani. Kuhusu zamu, uliza saa za ibada ya kwanza ya asubuhi. Makanisa mengi ya mjini yana ibada ya Kiingereza na ya Kiswahili kwa saa tofauti, na ukivuka feri ukapanda matatu ya Posta utafika Kanisa Kuu la Ukumbusho, lile lenye kuba katika barabara ya Nkrumah, lililowekwa wakfu mwaka 1905 kumkumbuka Askofu Hannington, aliyeuawa akielekea Uganda mwaka 1885, na wenzake. Sadaka siku hizi wengi huituma kwa M-Pesa, lakini mimi bado napenda kuipeleka mkononi.

Hata hivyo, Jumapili peke yake haitakupa ndugu. Nenda ushirika wa majumbani, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojua kwamba unaumwa, kwamba kodi imekushinda, kwamba mama yako yuko hospitali. Mwaka wangu wa pili nilishikwa na homa kali, nikalala chumbani siku mbili bila mtu kujua. Siku ya tatu, kwa kuwa sikuonekana ushirikani, yule mama wa swali la mlangoni alikuja na chupa ya uji wa ndimu, akanifulia shuka zangu zote katika karai nje ya mlango, akazianika, ndipo akaketi kuniombea. Ninapoulizwa siku hizi nini maana ya kuiishi imani, shuka zile zikiwa juu ya kamba ndizo zinazonijia kwanza.

Kuna jambo la majirani pia, ambalo kwa Mombasa huwezi kuliepuka. Ninaishi katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita vinavyotazamana ukumbini, na mwenye nyumba ni bibi Mwislamu wa hapa hapa, anayesema Kimvita kitupu: njia kwake ni ndia, macho ni mato. Ilipofika zamu yangu ya kuwakaribisha wana ushirika, nilimwendea siku tatu kabla nikamwomba ruhusa. Akasikiliza, akaniuliza watakuja wangapi. Siku yenyewe, saa kumi na moja jioni, nilimkuta ameshautandika mkeka wake mkubwa ukumbini, ule anaoutoa siku za Idi, akaniambia, "Ndoo (njoo), uwaweke wageni wako hapa, chumba chako hakitawatosha." Tuliimba bila kipaza sauti na tukamaliza kabla ya adhana ya magharibi, bila mtu kutuambia. Mwezi wa Ramadhani huwa sipiki mchana karibu na mlango wake, na asubuhi ya Krismasi sahani ya kwanza ya mahamri na mbaazi ni yake. Sijawahi kumhubiria. Aliwahi kuniuliza mwenyewe kwa nini yule mama alikuja kunifulia ilhali si jamaa yangu, nikamweleza habari za Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu, naye akanisikiliza hadi mwisho huku akichambua mchele. Nadhani katika mji huu ushuhuda unaoulizwa una uzito kuliko ule unaotangazwa, ingawa najua wapo wapendwa wasiokubaliana nami.

Kuhusu kundi la Watanzania, ushauri wangu ni kwamba usianze nalo. Anza na parishi.

Jibu la pili, kutoka Mikindani

Dada yetu wa Kisauni, pamoja na kijana wetu,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mlutheri wa Machame na nimekaa Mombasa miaka kumi na sita. Nimefarijika na maneno ya dada, lakini kwa heshima sikubaliani na mstari wake wa mwisho. Mwaka jana mwenzetu mmoja, fundi seremala, alifariki ghafla Bamburi. Alikuwa mshirika mwaminifu wa kanisa lake, na kanisa lilikuja, likaimba, likatoa rambirambi. Lakini kumsafirisha hadi Tanzania kulihitaji cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha maiti, hati ya kuthibitisha kwamba mwili umehifadhiwa dhidi ya kuoza, gari, na mtu anayejua taratibu za pande zote mbili za mpaka. Kazi hiyo tuliifanya sisi Watanzania kwa siku nne, tukikimbizana na ofisi, kwa kuwa hapakuwa na mfuko wala daftari la namba za jamaa zetu. Mkristo akiwa ugenini anahitaji pia watu wanaojua kijiji chake kiko wapi. Zaidi ya hayo, sisi Walutheri hapa si wengi, na mara moja kwa mwezi kuimba nyimbo zetu kwa sauti nne kama nyumbani kunatuponya. Sioni dhambi katika hilo.

Jibu la tatu, kutoka Kisauni

Kaka yangu wa Mikindani,

Umenena kweli, nami naurekebisha ushauri wangu. Nilikuwapo siku ya pili ya matanga ya marehemu fundi (sisi kwetu tungesema msiba), na niliona mlivyohangaika na makaratasi. Mfuko wa maziko na daftari la namba za jamaa ni lazima tuwe navyo, na mimi niko tayari kulitunza daftari hilo kwa kuwa ukarani ndiyo kazi yangu. Tuchange kila mwezi kiasi ambacho hata kijana wa jikoni anaweza kukitoa bila kukosa nauli ya matatu.

Ninachoogopa ni kimoja, nacho nimekiona kwa macho yangu. Kundi la kwetu likikutana saa za ibada, baada ya mwaka hakuna tena anayemjua kasisi wa mtaa wake, na watoto wanakua wakiwaita wenzao wa shule ya Jumapili "hao Wakenya". Mzee wa kanisa aliwahi kuniambia kwa huzuni kwamba tulikuwa tukikumbuka parishi siku ya arusi na ya kifo tu. Maneno yale yaliniuma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Basi tukutane Jumamosi ya mwisho ya mwezi, alasiri, ili Jumapili kila mtu awe katika kanisa lake, la Kianglikana, la Kilutheri au la Kikatoliki.

Nawe mdogo wangu wa Likoni, mwezi ujao parishi yetu ina shukrani ya mavuno. Baada ya ibada kuna mnada uwanjani: kuku, madafu, mikungu ya ndizi, maboga, na mara nyingine mbuzi. Mtu hununua jogoo, kisha humrudisha auzwe tena, hata jogoo mmoja akanunuliwa mara tano kabla ya kupata mwenyewe. Wanahitaji vijana wa kubeba vitu na kupanga meza tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na aliyelelewa altareni hahitaji kufundishwa kupanga meza. Kama hauko zamu siku hiyo, vuka feri mapema, panda matatu za Kisauni ushukie Kengeleni. Nitakungoja chini ya kengele, nimevaa khanga ya bluu, pamoja na yule mama. Nimeshamwambia habari zako, naye ameahidi kwamba hatakuuliza swali lolote mpaka umemaliza kunywa chai.