Majina bandia mitandaoni: ni uhuni wa kuiga au ni mila yetu ya zamani?

Mleta mada, Kaloleni, Arusha

Wadau, salaam. Naleta hoja ambayo ikiguswa tu hapa mjini ubishi hauishi: je, mtu anayechangia mijadala mtandaoni alazimishwe kutumia jina lake halisi, lile la kwenye kitambulisho cha NIDA? Wanaotaka iwe hivyo husema jina bandia ni uhuni tuliouiga kwa Wazungu, na kwamba sisi asili yetu ni baraza, mtu anasema akionekana. Napinga, na ninaanzia hapohapo kwenye asili.

Tuwatazame kwanza hao tunaodaiwa kuwaiga. ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ulianza 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Lakini miongoni mwa walioigeuza kompyuta kuwa mahali pa kukutania walikuwapo watu wa mrengo tofauti kabisa na wanajeshi. The WELL, jumuiya iliyovuma sana miaka ya mwanzo, ilianzishwa California 1985 na Stewart Brand na Larry Brilliant, na baadhi ya walioiendesha walitoka The Farm, kijiji cha mahipi huko Tennessee ambako watu waliishi kwa kuchangia mali. Ujamaa wa hiari, tuseme. Siasa yao ilikuwa kutoiamini serikali wala makampuni makubwa. Pamoja na yote hayo, The WELL haikuruhusu mtu ajifiche: ungeweza kujipa jina lolote la kuingilia, ila wanachama wenzako waliweza kuliona jina lako la kweli. Basi anayesema jina bandia limetoka huko, aende akatafute upya.

Kwetu sasa. Gazeti la Mambo Leo lilianzishwa na serikali ya kikoloni 1923, na wasomaji wakalifanya lao kwa barua na mashairi. Mtu anatupa swali kwa beti, mwingine wa mji wa mbali anamjibu toleo linalofuata, na hawajawahi kuonana. Washairi wa magazetini walikuwa na majina ya kupanga: Akilimali ni Snow-White, Andanenga ni Sauti ya Kiza. Hata huu uwanja wetu wa mpira unaitwa kwa jina la mshairi, Sheikh Amri Abeid, aliyeandika kanuni za utunzi kabla hajawa waziri.

Halafu ikaja redio. Waliokua enzi za Radio Tanzania wanazikumbuka kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unaituma studio, kisha unakaa na redio kusubiri jina lako lisomwe. Na jina lenyewe mara nyingi si la ubatizo, ni la kujipachika, refu, la kishindo, linalojulikana nchi nzima. Wasalimiaji wakaunda klabu, wakawa na viongozi, wakasafiri kutembeleana, na mwenzao akifiwa walichangishana. Ukiniuliza jumuiya ya mtandaoni ya Watanzania ilizaliwa wapi, nitakuonyesha kadi ya salamu. Kompyuta zilikuja baadaye zikakuta tumeshajua kupendana na kubishana na watu tusiowaona. JamiiForums, jukwaa letu la mijadala mtandaoni, lilipoanza 2006, watu waliingia na majina ya kupanga bila kufundishwa na mtu.

Ndiyo maana naona kulazimisha majina halisi ni kuua kitu chetu kwa kisingizio cha kukilinda. Karibuni.

Mchangiaji, Ngarenaro

Mkuu, historia nzuri, ila umeruka penye shimo. Huyo Sauti ya Kiza, mhariri alimjua. Barua ilikuwa na anwani. Msalimiaji wa redio naye mtaani kwake walimjua kwa hilo jina na kwa nyumba anayoishi. Jina la kupanga lilikuwa pambo, halikuwa pango la kujifichia. Leo mtu anafungua akaunti usiku, anamchafua binti wa watu, anasambaza picha, asubuhi akaunti haipo. Nimeona familia ikihama mtaa kwa ajili ya jambo hilo. Huyo unamweka kundi moja na Amri Abeid?

Mchangiaji, Sakina

Naongezea kwa Ngarenaro. Hapa jirani, Meru, 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru wakachangishana, na 1952 Kirilo Japhet akaenda Umoja wa Mataifa, New York, na mwanasheria Earle Seaton, akasema mbele ya dunia nzima. Kwa jina lake na ukoo wake! Kama kuna jumuiya iliyozaliwa kwa siasa katika ardhi hii, ni ile. Aliyejificha asingesikilizwa.

Mama wa Majengo, Moshi

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Kaka wa Sakina, Kirilo alitumwa na watu wake, walikuwa nyuma yake. Mimi nazungumzia anayesema peke yake, na ambaye watu wake ndio wanaomkaba.

Huku kwetu kila ukoo una kundi la WhatsApp. Michango ya harusi humo, ya msiba humo, ratiba ya kupanda nyumbani Desemba humo. Sasa chukua mjane ambaye shemeji zake wanataka kihamba cha marehemu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba. Kundi la ukoo lina shemeji wote, na admini ndiye shemeji mkubwa. Akaulizie wapi haki yake? Nimesoma maswali ya wanawake wa namna hiyo mtandaoni, wamejiita majina ya maua na ya ndege, wakajibiwa na watu wanaoijua sheria, wakaelekezwa baraza la ardhi. Kwa jina halisi, lile swali lingemfikia shemeji kabla ya jibu kumfikia yeye. Baraza mnalolisifia, wadau, mwanamke alikaa wapi?

Mleta mada

Mama, umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe.

Ngarenaro, hoja ya mhariri naichukua yote, maana inaniongoza ninakotaka kufika. Mhariri alilijua jina na hakulitoa. Kwa hiyo ugomvi wetu haupo kwenye jina kuonekana. Upo kwa anayelitunza. Anayemchafua binti wa watu asakwe, na anasakika: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Lakini njia ya kumpata iwe ya mahakama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, inampa polisi nafasi ya kudai taarifa bila kupita kwa hakimu. JamiiForums waliipinga sheria hiyo katika Mahakama Kuu, na Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa hilo, akakamatwa, akashtakiwa kwa kuzuia uchunguzi baada ya kutotoa taarifa za wanachama. Hapo ndipo siasa ilipo. Tangu TANU iunde mabalozi wa nyumba kumi miaka ya 1960, tumezoea kiongozi mdogo awe sikio la wakubwa na pia mtetezi wa majirani. Admini wa leo amekirithi kiti hicho, na sheria inamvuta awe sikio tu.

Mchangiaji, Ngarenaro

Hakimu sawa, nakubali. Lakini yule binti anaisubiri hati ya hakimu siku ngapi, picha zikiwa zinazunguka? Weka na hilo kwenye hoja yako, la sivyo umemtetea mjane ukamwacha binti.

Mleta mada

Picha ziondolewe siku hiyohiyo kwa malalamiko ya mwenyewe. Hilo halihitaji jina la mtu yeyote. Jina la aliyezituma ndilo lingoje hakimu.

Mama wa Majengo, Moshi

Na admini akipigiwa simu na kituo saa nne usiku, aambiwe alete namba za wanachama kumi, afanye nini? Mimi ni admini wa kikundi cha akina mama, wengi wametuamini na mambo yao ya ndani. Nataka jibu la mtu anayeijua sheria, siyo la kunipa moyo.