Pointi 180,000, wazee wawili, hoteli mbili mjini: nichukue ipi?

BegiMoja

Wakuu, nahitaji jicho la pili. Nawalipia wazazi usiku 4 mjini kwa pointi. Mzee ana miaka 76, anatembelea bakora na anachoma insulini. Mama ana 72, goti moja limechoka: vidato vinne vitano anapanda akiwa ameshika kitu, zaidi ya hapo ni taabu. Nina pointi 180,000 za Marriott Bonvoy (mpango wa pointi wa wateja wa hoteli za Marriott), daraja lolote la maana la uanachama sina.

Zimebaki hoteli mbili:

A: jengo la zamani, katikati kabisa ya mji. Pointi 35,000 kwa usiku. Ukilipa fedha ni dola 260, ndani yake kuna kodi na ada ya hoteli ya dola 30 kila siku.

B: jengo jipya, mita 900 kutoka katikati. Pointi 42,000 kwa usiku, fedha taslimu dola 230, haina ada ya kila siku.

Kwa hesabu yangu (bei ya fedha gawa kwa pointi) A inanipa senti 0.74 kwa pointi na B senti 0.55, kwa hiyo naelekea A. Kuna ninachokosa? Pia, niwahamishie wazazi pointi kwenye akaunti yao au nibuki mwenyewe?

---

SentiKwaPointi

Hesabu ya A umeikosea. Bonvoy haifuti ile ada ya kila siku unapolala kwa pointi. Kampuni nyingine za hoteli, Hilton na Hyatt, wao huifuta, mradi usiku umelipwa kwa pointi tupu. Kwa hiyo pointi zako 35,000 hazilipi dola 260, zinalipa 230. Zile 30 wazee watadaiwa kaunta. Thamani inashuka hadi senti 0.66 hivi.

Sasa weka usiku nne mezani. A ni pointi 140,000 na dola 120 mfukoni. B ni pointi 168,000 basi. Tofauti ni pointi 28,000, na ukizihesabu kwa senti 0.65 ni dola 182. Toa zile 120 za ada, hoteli hizi mbili zinapishana dola 62 kwa safari nzima. Kwa pesa hiyo usiamue kwa hesabu, amua kwa chumba.

Jambo la pili: Bonvoy ukibuki usiku tano mfululizo kwa pointi, hoteli moja, nafasi moja (yaani namba moja ya uthibitisho), unalipia nne. Unaosamehewa ni ule wenye pointi chache kuliko yote. Kama kila usiku wa B ni 42,000, usiku wa tano hauongezi hata pointi moja na salio lako linatosha. Wazee siku ya kwanza wanakuwa hoi kwa safari, hivyo siku ya ziada si anasa. Hakikisha tu usiku wote tano uko kwenye nafasi moja. Ukibuki nne na moja, mfumo unaona wageni wawili tofauti, na katikati ya safari wanaweza kuambiwa wahame chumba.

Kuhusu kuhamisha: usihamishe. Kikomo cha kumtumia mtu mwingine pointi ni 100,000 kwa mwaka, na wewe unahitaji 168,000. Buki kutoka akaunti yako, ila jina la mzee au mama liwe kwenye nafasi yenyewe kama mgeni atakayefika. Usiliandike kwenye sehemu ya maombi, kwa sababu mapokezi wanasoma jina la juu na kulilinganisha na kitambulisho.

Na buki leo. Tangu 2022 Bonvoy hawana tena jedwali la bei za pointi, usiku uleule unaweza kupanda wakati wowote. Ukishuka, unabuki upya na kufuta ile ya kwanza, pointi zinarudi. Soma tu tarehe ya mwisho ya kufuta kwenye nafasi yako, kila hoteli ina yake.

---

NgaziTatu

Aliyetangulia kamaliza hesabu. Mimi naingia bafuni, maana huko ndiko wazee wanakoangukia.

Kitu cha kwanza cha kuuliza hoteli yoyote, kabla ya mandhari na kabla ya kifungua kinywa: chumba hiki kina beseni la kuogea au shawa ya kuingia moja kwa moja? Vyumba vingi vya kawaida, hasa kwenye majengo ya zamani, vina shawa juu ya beseni. Ukingo wa beseni unaweza kufika nusu mita kutoka sakafuni. Mama mwenye goti bovu ili atoke humo lazima asimame kwa mguu mmoja, uleule mbovu au ule mzima, juu ya sakafu ya beseni iliyopinda na yenye sabuni, huku anageuka na kunyanyua mguu mwingine. Kitu pekee kilicho karibu na mkono wake ni kamba ya taulo au pazia. Zote mbili hung'oka.

Usiridhike na jibu la "tuna chumba cha mahitaji maalumu". Vipo vya aina mbili: chenye shawa isiyo na kizingiti, ambayo hata kiti cha magurudumu kinaingia, na chenye beseni lililofungwa vyuma vya kushikia. Hicho cha pili nacho kinahesabiwa kuwa ni cha mahitaji maalumu, kihalali kabisa, na kwa goti la mama hakisaidii sana. Taja kwa maneno: shawa isiyo na kizingiti, na chuma cha kushikia kilichofungwa ukutani. Kisha omba picha ya bafu la aina hiyo ya chumba, iliyopigwa na simu ya mfanyakazi. Picha za tovuti karibu zote ni za chumba kimoja kizuri kuliko vingine.

Faida nyingine ya vyumba hivi ni kimo cha choo. Kipimo cha Marekani kwa mfano ni sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni hadi juu ya kiti. Choo cha kawaida kinaweza kuwa chini ya hapo, na sentimita tano kwa goti bovu ni umbali mrefu.

Kitanda nacho. Siku hizi hoteli zinaweka godoro nene juu ya fremu nene, na juu yake godoro dogo la kulainisha. Mtu mfupi akikaa ukingoni miguu inaning'inia, akitaka kushuka anateleza badala ya kusimama. Pima kiti ambacho mama anainuka bila kujisukuma kwa mikono, andika kimo chake, halafu waulize hoteli kutoka sakafuni hadi juu ya godoro ni sentimita ngapi. Watashangaa swali, lakini mtu wa usafi wa vyumba anaweza kupima kwa dakika moja. Kikizidi sana, mara nyingi lile godoro la juu linaondolewa.

Kuhusu A, nina mashaka matatu ambayo huwezi kuyaondoa kwa kutazama tovuti. Je, kuna vidato kati ya barabara na mapokezi? Je, lifti inaanzia sakafu ya chini kabisa, au unapanda vidato sita kwanza ndipo uikute? Majengo ya zamani yaliwekewa lifti baadaye, pale ilipopatikana nafasi, na neno "lifti ipo" linabaki kuwa kweli. La tatu: kama iko katikati ya mji wa kale, gari linafika mlangoni? Mitaa ya watembea kwa miguu tu ina maana teksi inawashusha mita 200 kutoka hotelini, na masanduku, juu ya mawe ya barabarani.

B nayo isikulaghai. Mita 900 ramani itakuambia dakika 11. Ramani inamhesabu mtu mzima mwenye haraka. Anayetembea mita 0.8 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mwenye bakora, anatumia dakika 19, na kurudi ni 19 nyingine akiwa amechoka. Fungua picha za mtaani kwenye ramani, tembea njia nzima kwa kidole: kuna mlima? kuna mahali pa kukaa? kituo cha basi kiko umbali gani kutoka mlangoni?

---

Kaunta24

Nyongeza kutoka upande wa mapokezi.

Piga simu hoteli yenyewe, si ile namba kuu ya kampuni. Namba kuu inaona skrini uliyoiona wewe. Piga saa saba au saa nane mchana: wanaotoka wameshatoka, wanaoingia hawajafika, mtu ana dakika tano za kwenda kukitazama chumba.

Elewa tofauti ya *ombi* na *aina ya chumba*. Ukiandika kwenye kisanduku cha maombi "chumba karibu na lifti, shawa ya kuingia", hilo ni ombi, litatazamwa siku ya kufika kama kuna nafasi. Kama barua pepe ya uthibitisho imeandika shawa isiyo na kizingiti kwenye jina la chumba, hiyo ni aina, umeshaichukua. Marekani tangu 2012 sheria inataka chumba cha mahitaji maalumu kilichobukiwa kiondolewe kwenye mauzo na kishikiliwe kwa aliyekibuki. Kwingine usitegemee hivyo, taka uthibitisho wa maandishi.

Karibu na lifti, ndiyo, lakini si ukuta mmoja na lifti wala mkabala na mlango wake. Vyumba viwili vitatu mbele inatosha. Pia uliza kama chumba kina mlango wa kuungana na cha jirani, maana sauti hupita hapo.

Insulini: friji ndogo ya vinywaji isiaminiwe. Nyingi hazifiki nyuzi 2 hadi 8 zinazotakiwa kwa insulini ambayo haijafunguliwa, na zilizo kali zinagandisha kilichogusa ukuta wa nyuma. Insulini iliyoganda ni ya kutupa. Omba friji ya dawa. Hoteli nyingi zinayo stoo na hawaitozi, ila iombwe mapema. Kalamu ya insulini inayotumika kwa aina nyingi hukaa nje ya friji hadi siku 28 chini ya nyuzi 30, soma karatasi yake. Halafu uliza hili: ukitoa kadi ya chumba kwenye kile kisanduku cha mlangoni kinachowasha umeme, umeme wa friji unabaki? Kuna vyumba vinavyozimika vyote, soketi hadi soketi. Wazee wanatoka asubuhi, wanarudi jioni, friji imelala siku nzima. Dawa yake ni kadi ya pili: omba mbili, moja ibaki kisandukuni.

Kadi ya benki: hata usiku ukiwa wa pointi, hoteli itataka kadi ya kuzuia kiasi cha dhamana. Mzee awe na kadi yenye jina lake. Kama unataka kutumia ya kwako, omba fomu ya idhini ya kadi siku kadhaa kabla, kwa sababu picha ya kadi kwenye simu haikubaliki.

Kodi ya mji, ile ya kila mtu kwa kila usiku inayotozwa miji mingi ya Ulaya, nayo mara nyingi hulipwa kaunta hata kwa wa pointi. Waachie pesa.

---

BegiMoja

Shukrani wakuu. Nimepiga kote. A: vidato saba kabla ya lifti, na chuma cha kushikia upande mmoja tu. Nimeifuta. B: mlango hauna kidato, basi linasimama mbele ya hoteli, kitanda sentimita 58. Tatizo ni kwamba chumba chenye shawa isiyo na kizingiti hakionekani nikichagua pointi, kwa fedha kinaonekana. Nifanyeje?

---

Kaunta24

Buki kwanza chumba cha kawaida kwa pointi, usiku tano. Ukishapata namba ya uthibitisho, wapigie hoteli, omba meneja wa vyumba au wa mapokezi, umwambie abadilishe aina ya chumba ndani ya nafasi hiyohiyo. Kama chumba hicho ni cha kiwango kilekile cha kawaida, tofauti ni bafu tu, wanaweza kubadilisha bila kuongeza pointi. Kikiwa cha kiwango cha juu wana haki ya kukataa. Usikate simu kabla barua pepe mpya haijaingia na jina la chumba limebadilika. Jibu la "nimeandika kwenye mfumo" ni ombi, turudi kulekule.

Kisha zima kule kujiandikisha kwa simu kabla ya kufika. Mfumo ukigawa vyumba wenyewe usiku wa kuamkia, ndipo nafasi ya namna hii hutupwa chumba kingine.

---

NgaziTatu

Sentimita 58 kwa mama wa kimo cha kawaida ni juu kidogo, waondoe godoro la juu halafu wapime tena.

Omba pia kiti cha kuogea, kiwe bafuni kabla hawajafika. Uliza kinabeba kilo ngapi na kama miguu yake ina mpira chini. Shawa isiyo na kizingiti sakafu yake imeinama kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, kiti kisicho na mpira huenda taratibu upande huo mtu akiwa amekaa.